Avebury na mama wa miaka 68: njia ya Silbury na kaburi la West Kennet anaiweza?

BintiMuheza

Wakuu, habari za wikendi. Mama amekuja kutoka Muheza, yupo kwangu hapa Reading, Uingereza, mpaka mwisho wa mwezi. Maduka yamemchosha mapema kabisa. Anataka kutembea porini, aone ardhi na mifugo. Miguu anayo, ni mtu wa shamba, ila goti la kulia humsumbua akishuka mteremko mkali.

Jirani kaniambia kuhusu Avebury, kwamba kuna njia fupi inayopita kwenye mawe ya kale, kilima cha kutengenezwa na kaburi ambalo unaingia ndani. Hilo la kaburi ndilo linalonipa wasiwasi, sijui mama atalichukuliaje. Sina gari. Aliyewahi kufika anipe mwanga: njia ikoje, na tuanzie wapi? Naomba kuwasilisha.

Kijana_wa_Luton

Dada, mama katoka Muheza, Amani iko juu yake na misitu yote ile, halafu unampeleka akatazame mawe? Mpandishe lile gurudumu la London apige picha awarushie mashoga zake.

ZamuYaUsiku

Luton, mwache dada. Mama kasema anataka ardhi.

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi niko Swindon, nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na siku za mapumziko Avebury ndiko ninakokwenda kunyoosha miguu. Mama anaiweza. Kuna wazee wenye fimbo mbili wananipita mimi.

Njoo na treni mpaka Swindon, upande basi namba 49. Linakushusha katikati ya kijiji, karibu na baa ya Red Lion, na kijiji chenyewe kimo ndani ya duara la mawe. Ukishuka tu macho yatakimbilia mawe. Usianze nayo. Wengi huzunguka mawe, wakapiga picha, wakanywa chai, halafu kaburi wanalipangia siku nyingine isiyofika. Anzeni na la mbali mkiwa na nguvu, mmalizie kwenye mawe, karibu na choo na chai.

Shukeni kusini kupita maegesho makubwa, mvuke barabara, mshike njia ya kando ya mto. Usisikie neno mto ukaogopa, ni kijito, na kiangazi mara nyingine hukauka kabisa. Hapo ni tambarare. Baada ya muda, upande wenu wa kulia kitatokea kilima cha majani, kimekatwa bapa juu kama chungu kilichofunikwa. Hicho ndicho Silbury. Kimerundikwa na watu karibu mwaka 2400 KK, mita 30 kwenda juu, chaki (lile jiwe jeupe laini la ardhi ya huku) na udongo, na chombo cha kuchimbia kilikuwa pembe ya kulungu.

Mama atauliza, nani kazikwa humo? Mwambie hajaonekana mtu. Mwaka 1776 walizamisha shimo kutoka kileleni mpaka chini, wakatoka mikono mitupu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakapitisha handaki ubavuni, yakawa yale yale. Kilichopatikana ni hasara: mwaka 2000 kilele kilititia, ikabidi mwaka 2007 wahandisi waingie kuziba matundu yote kwa chaki. Ndiyo maana kupanda ni marufuku. Mtawaona watu wako juu wanapunga mikono. Achaneni nao.

Kisha mtavuka barabara ya A4. Hapa mshike mama mkono kwelikweli, magari yanakuja kwa kasi na taa za kuvukia hakuna. Ng'ambo kuna geti dogo la kupita mtu mmoja mmoja, mto tena, halafu njia inapanda katikati ya mashamba ya nafaka. Ni mwinuko wa polepole, haukati pumzi. Kushuka kwake pia hakutaliumiza goti, ila ikiwa mvua imenyesha, chaki ikilowa inateleza kama sabuni. Mchukulie fimbo.

Juu ndipo penye kaburi la West Kennet. Kwa mbali ni tuta refu tu la majani, mita 100 hivi. Ukilifikia upande wa mashariki unakuta mawe makubwa yamesimama kama ukuta, yamempita mtu urefu, na inabidi uzunguke nyuma yake ndipo uuone mlango. Hayo yaliwekwa mwishoni, walipoamua kulifunga. Lenyewe lilijengwa karibu mwaka 3650 KK, yaani ni la zamani kuliko duara la mawe na kuliko Silbury.

Ndani kuna ujia na vyumba vitano, viwili kila upande na kimoja mwisho. Mifupa haimo siku nyingi, waliichimba mwaka 1859, na iliyobaki wakaimaliza 1955 na 1956. Walikuwa watu zaidi ya 30, wazee kwa watoto wachanga. Kwenye dari wameweka vioo vinene vinavyopitisha mwanga, kwa hiyo si giza totoro. Chumba cha mwisho mtu mzima anasimama wima bila shida. Mpapase mawe ya ukutani: mengine makavu, makwaruzo, halafu unafika palipolainika sana, pamesuguliwa mpaka pameng'aa. Wenye kujua wanasema walikuwa wakinolea mashoka ya mawe. Miezi ya joto mbayuwayu hujenga viota humo, wakiwapita kichwani msishtuke.

Kama mama hataki kuingia, asilazimishwe. Nje juu ya lile tuta ndiko kwenye mandhari, Silbury chini yako na mashamba mpaka macho yachoke. Mimi mwenyewe hukaa zaidi nje.

Mrangi_Leeds

Mkuu ZamuYaUsiku umenikumbusha nyumbani. Mimi wa Kondoa. Kule Kolo tuna michoro ya miambani, imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na baadhi ya mapango wazee bado wanakwenda kutambika, mvua ikichelewa au mtu akiugua. Hapo West Kennet nilipofika nilikuta maua, mahindi na vishumaa kwenye pembe ya chumba. Nikajisemea, kumbe na hawa wana mambo yao!

ZamuYaUsiku

Wanayo sana, mkuu. Tofauti ninayoiona mimi, wazee wa Kolo wamerithishana, hawa wengi wameyaanza upya siku hizi. Sina ugomvi na maua. Vishumaa ndivyo vinavyoniudhi, moshi unayatia mawe masizi, na mwingine anaacha vibati vyake hapo hapo akaondoka.

BintiMuheza

Asanteni mno. Nimemsomea mama yote. Kasema ataingia kaburini kama mtu mwingine atatangulia, na anauliza hayo mawe ya kijijini yana nini cha zaidi. Halafu viatu?

ZamuYaUsiku

Mwambie mama yale anaruhusiwa kuyagusa na kuyaegemea, hakuna kamba wala tiketi ya kuingilia kwenye duara. Stonehenge, lile duara jingine la mawe ya kale, iko kama kilomita 30 kusini, unalipa pesa ya maana kisha unayatazama mawe kwa mbali. Avebury kondoo wanalala kwenye kivuli cha mawe. Duara la nje ndilo kubwa kuliko yote ya aina yake duniani, limezungukwa na tuta na handaki ambalo lilipochimbwa lilikuwa na kina cha mita 9 hivi.

Sasa mwonyeshe na nyumba za kijiji. Karne ya 17 na 18 watu waliyavunja mawe wajengee: wanachimba shimo chini yake, wanawasha moto, jiwe likishika joto wanalimwagia maji baridi na kulipiga nyundo. Kwa hiyo sehemu ya duara imo kwenye kuta za watu. Miaka ya 1930 Alexander Keiller, tajiri ambaye familia yake ilitengeneza mamaledi (jamu ya machungwa), akanunua ardhi kubwa hapo, akayafukua yaliyozikwa na kuyasimamisha. Palipokosa jiwe akaweka kiguzo cha zege. Mwaka 1938 chini ya jiwe moja ikakutwa mifupa ya mwanaume wa miaka ya 1300, ana mkasi na sarafu zake. Kwa mkasi ule wakamwita kinyozi.

Goti likimchosha, upande wa mashariki juu ya tuta kuna miti mikubwa, mizizi yake imetambaa juu ya ardhi. Akae hapo.

Viatu: kama kumenyesha, mabuti ya mvua. Njia ya mtoni hujaa maji wakati wa baridi, na sasa hivi bado ina tope. Kwenda kaburini na kurudi kijijini ni kilomita 5 hivi, nyinyi wekeni muda wa masaa mawili na nusu. Na Jumapili mabasi ni machache, tazameni ratiba ya kurudi kabla hamjatoka Swindon, maana teksi ya kuwatoa kijijini jioni mtailipa huku mnalia.