MREJESHO: Zile mbegu zangu za mpingo zilizogoma kuota

Wakuu habari zenu, mwezi wa tatu nililia humu kwamba mbegu za mpingo zimegoma kuota, nimerudi kama nilivyoahidi. Yule aliyesema nipasue maganda kwanza ndo niloweke mbegu kwenye maji ya baridi usiku kucha, ubarikiwe sana mkuu, kumbe mi nilikuwa nafukia ganda zima zima tena chini kabisa 😂 Wiki ya pili zikaanza kuchomoza, kati ya 60 zimeota 41. Udongo nilichanganya na wa chini ya mpingo mkubwa, kama mlivyoshauri.

Sasa hasara. Miche 15 ilioza shingo ikalala, kumbe ni kwa sababu nilikuwa namwagilia asubuhi na jioni kama mchicha, nilipopunguza ikakoma. Halafu viriba (vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche) vilikuwa vifupi, nimechana kimoja nakuta mzizi mkuu umejikunja kama mkia wa kinyonga, ikabidi nihamishie kwenye virefu.

Imebaki 26, urefu wa kidole tu. Wanaonicheka eti mpaka mpingo uvunwe ni miaka 70 na kuendelea, chekeni tu. Magugu nang'oa kwa mkono, jembe silisogezi kabisa.