Mvua ikinyesha, bahari ya kwenu inakuwaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi
Wakuu, habari za Jumapili. Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu kuogelea ufukwe wa Coco, hapa Dar, siku mbili baada ya mvua. Kesho yake tumbo likaanza kumkata, mara sikio linatoa usaha. Daktari swali la kwanza: "Mlienda baharini?" Nikakosa jibu.

Nimekulia Kigogo, najua mto Msimbazi unabeba nini. Mvua ikikaza usiku unasikia majembe: watu wanatapisha vyoo. Unatoboa ukuta wa shimo upande wa mtoni, mzigo unaondoka na mafuriko, hela ya gari la kunyonya imebaki mfukoni. Kwetu tulitapisha pia, sijifichi. Mzigo ule unapita Jangwani, unatokea daraja la Salenda, baharini. Yote hayo nayajua, na mtoto nikampeleka.

Kwenu ikoje?

Fundi Breki
Gereji yetu iko Buguruni, kando ya barabara. Oili chafu wanakuja kununua watu wa kupaka mbao zisiliwe na mchwa, ila inayomwagika inabaki mchangani. Kiangazi huoni kitu. Ngoja mvua ya kwanza ya vuli: dakika kumi tu mtaro mzima una rangi za upinde! Ikishanyesha saa nzima, maji yanapungua weusi. Ile ya mwanzo ndiyo inakomba ya miezi yote, oili, vumbi la breki, vumbi la tairi. Na watu wanadhani mtaro wa barabarani unaenda kwenye mabwawa ya maji taka. Wapi! Unaenda mtoni hivyo hivyo.

Kijana wa Forodhani
Sie Mji Mkongwe, Zanzibar, hatungoji mvua. Bomba la maji machafu likiishia pale pale tulipokuwa tukipiga mbizi, bahari ikikupwa sana siku za bamvua unauona mdomo wake. Na samaki ndiko walikojaa, basi watoto tukivua hapo hapo. Bi mkubwa siku aliyojua kitoweo kimetoka wapi, sufuria nzima ilikwenda kwa paka.

Jembe Kuu
Mnatiana hofu bure. Chumvi inaua vijidudu vyote.

Binti wa Maabara
@Jembe Kuu si vyote, kaka. Bakteria wa kinyesi wa jamii ya enterokokasi wanavumilia chumvi, ndiyo maana maji ya bahari tunayapima kwa hao. Jua kali linawapunguza, lakini maji yakiwa na tope jua halipenyi. Mimi kuogelea naogelea, ila kombe na chaza, wale wa magamba, wa karibu na mji sili. Wale kazi yao kuchuja maji, uchafu unabaki humo ndani. Samaki unamtoa matumbo, kombe unamla na tumbo lake.

Jembe Kuu
Hapo kwa kombe umenimaliza. Juzi tu nimekula sahani nzima.

Fundi Breki
Mkuu mleta uzi, dogo anaendeleaje?

Mleta uzi
Sikio limekauka. Tangu asubuhi ananiuliza Coco tunarudi lini.