Tupeane uzoefu: jua la Januari na Februari, bustani yako ya nyumbani unaivushaje?

Wakuu habari za saa hizi. Vuli ikishaisha hapa Dar mnajua shughuli yake, saa nne asubuhi jua linapiga kama saa nane, maji ya bomba ni ya mgao na masika bado sana. Mimi niko Tabata, nina ukoka mbele, bogenvilia ukutani na makopo ya mrehani na pilipili barazani. Kinachonisaidia ni kuuacha ukoka urefuke. Kijana anayenifyekea kila akija anataka akwangue mpaka udongo uonekane ili ijulikane kazi imefanyika, nikamwambia kuanzia Desemba usishuke chini ya vidole vitatu, jani likiwa refu linajifunikia udongo wake lenyewe. Majirani walioparua sasa hivi wana vumbi tu. Haya leteni zenu, na mseme mko wapi maana jua la Moshi si la Mtwara.

Mwanapwani: Mimi Mombasa, maji yapo ila ya kisima na yana chumvi. Ukimwagia kila siku majani yanaanza kukauka kwenye kingo, rangi ya kahawia inaingia taratibu kuelekea katikati, watu wanadhani ugonjwa wanakimbilia dawa. Ya kisima nawapa mnazi na bogenvilia, asumini anapata ya kuoshea mchele au ya mvua yakiwepo kwenye tenki. Na vyungu mara moja moja navimwagia maji matamu mengi mpaka yatiririke chini, ile chumvi itoke.

Babu Kopo: Mwanapwani hapo kwa bogenvilia usimwonee huruma, akishakomaa mnyime maji kidogo ndo anachanua, ukimdekeza anakupa majani matupu.

Shamba Kiasi: Huku Kitengela maji ni ya bowza na bei heri ninyamaze. Udongo wetu mweusi ukikauka unapasuka mpaka kidole kinazama, nyufa zinakata mizizi na maji unayomwaga yanapotelea humo humo. Mi natandaza nyasi kavu nene kabisa ila shina naliachia nafasi lipumue, halafu namwagilia mara chache lakini kwa kushibisha. Hii ya kurashia rashia kila jioni inalowesha juu tu, mizizi nayo inabaki juu juu, siku moja ukisafiri unakuta kila kitu kimelala.

Bint Mascati: Assalaam alaykum. Mnalia na Januari, sisi Muscat Januari ndo raha yetu, petunia zimejaa kila mahali 😄 Kazi iko Mei mpaka Septemba, digrii 40 ni kawaida. Huku mpira wa maji ukilala juani maji ya kwanza yanatoka ya moto kabisa, ukielekeza kwenye mche umeupika, lazima uyaache yatoke kwanza mpaka yapoe. Namwagilia baada ya sala ya alfajiri, na makopo meusi ya plastiki yote nayahamishia chini ya mwarobaini maana yanakula joto mizizi inaungua.

Mama Waridi: Jamani na utitiri, huu ukavu ndo sherehe yao. Waridi likianza vidoa vya njano vidogo vidogo, shika karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge, ukiona vumbi linatembea ndo wenyewe. Mimi narusha maji kwa nguvu chini ya majani, asubuhi, siku kadhaa mfululizo. Dawa ya mbu ya dukani achana nayo, sio kazi yake.

Babu Kopo: Shamba Kiasi, nyasi kavu hazikuletei mchwa? Mimi nimesita kwa sababu hiyo tu.

Shamba Kiasi: Wanakuja mzee wangu, sikudanganyi. Wakipata zile kavu wanakula hizo, miti wanaiacha, nami naongeza zingine. Kwa miche michanga nazungushia jivu la jikoni, likilowa narudia.