Kura za maoni zinasema mgombea wangu hana chake, nimpigie au nihamie kwa mwenye nguvu?

Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri, uchaguzi umekaribia na mgombea ninayemkubali kila kura ya maoni inayotoka inamweka wa tatu tena kwa mbali, wawili wa juu wanafukuzana kwa pointi tatu tu. Nyumbani wananiambia naenda kupoteza kura bora nihamie kwa wa pili ili nimzuie wa kwanza, halafu mdogo wangu kasema kituoni haendi kabisa eti mshindi ashajulikana, hiyo ndo imeniuma zaidi. Hivi hizi namba ni za kuaminika kiasi cha mtu kubadili kura yake? Na hao watu elfu moja wanaohojiwa ni akina nani, mbona mimi sijawahi kuulizwa?

Kiberenge
Mkuu, kutoulizwa wewe sio hoja, kwenye mamilioni ya wapiga kura elfu moja kukufikia ni bahati sana. Elfu moja wanatosha kabisa kama wamechaguliwa bila upendeleo, makosa yanakuwa kama asilimia 3 juu au chini. Ila shika hapa, hiyo 3 ni ya kila mgombea, ukija kwenye tofauti kati yao wawili inakaribia 6. Kwahiyo anayeongoza kwa tatu hajaongoza kwa uhakika wowote, na mdogo wako anataka kubaki nyumbani kwa jambo ambalo hata waliolipima hawawezi kukuapia.

MamaNuru
Naongezea, wingi wa watu peke yake hausaidii. Marekani 1936 jarida la Literary Digest lilituma karatasi kama milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2, likasema kwenye urais Landon anamshinda Roosevelt aliyekuwa madarakani. Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48! Majina mengi waliyatoa kwenye orodha za wenye simu na magari, na kipindi kile hali ilikuwa mbaya wenye navyo walikuwa wachache, halafu wasiompenda Roosevelt ndo walijisumbua zaidi kurudisha. Sasa zile kura za kubofya kwenye magrupu ndo usizihesabu kabisa, anabofya anayetaka.

Mwanamaji
Kuhusu kuhama, inategemea sheria za uchaguzi wenu. Kama kuna duru ya pili, duru ya kwanza mpe unayemtaka, ila usilale ukidhani namba zimeshakuhakikishia nani atavuka. Ufaransa 2002 karibu kila kura ya maoni ya urais ilionyesha Chirac wa mrengo wa kulia na Jospin wa mrengo wa kushoto ndo wataingia duru ya pili, watu wa mrengo wa kushoto wakagawa kura kwa wagombea wadogo wadogo na wengine hawakwenda kabisa, Le Pen wa mrengo mkali wa kulia akampita Jospin kwa chini ya asilimia moja. Kama ni duru moja tu hapo hoja ya nyumbani kwenu ina uzito, lakini kwanza uliza nani kalipia huo utafiti, watu walihojiwa lini na ambao hawajaamua ni wangapi.

Mleta mada
Asanteni sana, kwetu duru ya pili ipo kwahiyo nampigia wangu. Mdogo wangu nimemsomea ile ya Kiberenge kaniuliza maswali mengi, nadhani ataenda. Na ile picha ya asilimia iliyotufikia juzi nimeiangalia vizuri, haina tarehe, haina idadi ya waliohojiwa wala jina la aliyefanya, nikamuuliza aliyeituma kaitoa wapi, kanijibu kaikuta kwenye grupu lingine.