Wakuu, niwapandishe wageni hadi makaburi ya Riley au niishie kanisani?

Mpandakilima: Habari zenu wakuu. Niko Sheffield, Uingereza. Jumapili ya mwisho ya Agosti napeleka watu 14 wa jumuiya yetu ya Waswahili kijiji cha Eyam, Derbyshire, ni kama kilomita 20 tu toka hapa. Ndio kile kijiji kilichojifungia kwa tauni. 1665 mshona nguo wa pale aliletewa furushi la vitambaa toka London lina viroboto, msaidizi wake George Viccars akalianika karibu na moto, siku chache tu kafa. Juni 1666 mchungaji William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley wakawaomba watu wasivuke mpaka, wakakubali. Tauni ilikaa miezi 14 kwa jumla, wamezikwa 260. Mimi ndio msimuliaji. Sasa niwapandishe Riley au tuishie kanisani? Usingizi sipati.

Sinia la Pilau: Mkuu bebeni chakula chenu, sehemu za watalii bei zinauma.

Mama Wawili: Umenikumbusha 2020, mume wangu dereva wa malori, karudi safari tukamweka chumba cha uani siku 14. Sahani naweka kizingitini nagonga naondoka. Usiku namsikia anakohoa na mimi niko ukutani upande wa pili, sitasahau.

Mlinzi wa Zamu: Huyo mchungaji unayemsifu watoto wake alishawatoa kwenda Yorkshire mapema. Wakubwa siku zote wanaokoa wa kwao kwanza.

Mpandakilima: Kweli, lakini mkewe Catherine aligoma kuondoka, akafa Agosti 1666. Kaburi lake liko hapohapo kanisani.

Shangazi Mkali: Hujajibu kitu. Hayo makaburi yana nini mpaka ukose usingizi? Unaficha jambo wewe.

Mpandakilima: Haya shangazi. Riley ndiko Elizabeth Hancock alikowazika mumewe na watoto 6 ndani ya siku 8, akiwa peke yake. Na kwenye msafara yumo mama mkwe wangu. Ni wa Goma, kipindupindu cha 1994 kilimchukulia watoto watatu wiki moja. Hajui tunaenda kuona nini.

Shangazi Mkali: Mwambie leo!

Mpandakilima: Basi la kutupeleka nimeshalilipia na karatasi za maelezo nimechapa, Riley imo. Nilifikiri akifika atapata faraja, ataona hakuwa peke yake duniani.

Mama Wawili: Faraja haimvizii mtu baba. Muulize.

Kitasa: Chai hii. Saba siku nane, halafu kwa bahati tu na mama mkwe naye katokea na watatu wiki moja? Umesoma mtandaoni uko Tandale hapo. Lete ushahidi.

Mpandakilima: Picha ya mama wa watu sileti. Ila njia ya kwenda kijiji jirani cha Stoney Middleton kuna jiwe la mpaka lina matundu sita, humo waliweka sarafu ndani ya siki, majirani wanachukua hela wanaacha chakula. Nimeingiza kidole mwenyewe, kingo zimelainika kama kinu cha zamani. Na Riley ni ukuta wa mawe wa mduara katikati ya nyasi, ndani kuna mawe ya kichwani sita na kaburi moja la meza. Nimesimama pale na mvua.

Kitasa: Sawa, ila bado nina mashaka.

Sinia la Pilau: Kitasa muache mtu ana shida. Umeshamwambia mama?

Mpandakilima: Nimetoka kwake sasa hivi. Nilimweleza yote jikoni, alikuwa anachambua sombe (kisamvu), hakuinua macho. Akanyamaza muda mrefu sana, kisha akauliza, "Ule mama alibakia na nani?" Nikamwambia inasimuliwa alibaki na mtoto mmoja wa kiume aliyekuwa anajifunza kazi, akamfuata huko. Akauliza huko wapi. Nikamwambia hapahapa Sheffield. Akaacha sombe, akaniambia nimtafutie viatu vya kupandia mlima, namba 38.