"Kona" kwa Kihispania: esquina au rincón?

BintiMchambawima:
Hamjambo jamani. Nafanya usafi hotelini huku Barcelona, mwezi wa nne sasa. Kihispania nakiokota kwenye programu ya simu inayofundisha kwa Kiingereza, nayo ikanipa "rincón" kwa kona. Juzi nimeita teksi, dereva akapiga simu kuuliza niko wapi. Nikamjibu kifua mbele: "Estoy en el rincón." Kimya, kisha kicheko. Akapita mara mbili bila kuniona. Kesho yake msimamizi akanitaka nisafishe vizuri "los rincones", nikabaki nimeshika fagio, nisijue ni ndani au barabarani. Lipi ni lipi?

Utingo_Mstaafu:
Pole mwanangu. Kiache hicho Kiingereza. Ingia chumbani, upeleke fagio pale kuta mbili zinapokutana, vumbi na buibui wanapojificha. Hapo ni rincón. Sasa toka nje uzunguke nyumba hiyohiyo: ile ncha ya ukuta unayoweza kuigonga na bega ndiyo esquina. Dereva wako alidhani umejibanza chumbani!

Ila kona yetu sisi imebeba mengi. Kukata kona mtaani ni "doblar la esquina", sawa. Lakini kona za barabara ya mlima Kitonga, zile zilizokuwa zikinitapisha abiria, ni curvas. Huko hakuna esquina hata moja.

MshikaKibendera:
Na ya mpira je? Hispania wanasema "córner" kama sisi tu, au "saque de esquina". Ukisikiliza mtangazaji wa Mexico utasikia "tiro de esquina".

JiraniEixample:
Dada, hoteli iko Eixample, ile wilaya ya Barcelona? Kama ndiyo, jifunze na chaflán. Ramani ya 1859 ya Ildefons Cerdà, mhandisi aliyeipanga wilaya hiyo, iliyakata ncha majengo ya njia panda, kwa hiyo badala ya ncha unakuta ukuta mwingine uliokaa mshazari. Mimi teksi huwa naielekeza "en el chaflán", kisha nataja mitaa yote miwili. Usipoitaja, atazunguka tena, maana kila njia panda ina chaflán nne.

BintiMchambawima:
Kumbe! Ndiyo, ni Eixample, na siku ile nilisimama kwenye huo mshazari. Ahsanteni. Na kona ya meza, niliyojigonga nyonga leo asubuhi?

Utingo_Mstaafu:
Esquina inafaa, ila huko wengi watakwambia "el pico de la mesa". Weka barafu.