TUPEANE UZOEFU: Oili uliyoweka kwenye motoka yako ya spoti, na kilichokukuta (Lubumbashi)

Altezza ya Bel-Air
Bandugu, habari zenu. Leo asubuhi nimeona Subaru Impreza ya bluu inavutwa kwa kamba pale karibu na Njanja, na nyuma yake mstari mweusi wa oili kwenye lami, mrefu, haukatiki. Moyo umeniuma. Nimekumbuka yangu.

Mimi nina Toyota Altezza RS200, ile yenye moteri ya 3S-GE, haina turbo. Ilipofika kutoka Japani kupitia Dar, kitabu chake chote kilikuwa Kijapani. Lakini pembeni ya mlango kulikuwa na kikaratasi cha vidanji (kubadilisha oili) ya mwisho, na katikati ya zile herufi zisizosomeka kwangu nikasoma kitu kimoja tu, namba ya oili: 5W-30. Fundi akaniambia hiyo ni ya baridi ya kwao, hapa Lubum sote tunaweka 20W-50. Ni mkubwa wangu, nikakubali. Mwezi wa 7 ukaingia, ile baridi yetu ya watu kuvaa makoti mpaka saa nne. Kila asubuhi nikiwasha, kichwa cha moteri kinalia tak-tak-tak mpaka oili ipande. Ukibonyeza gesi inasitasita, kwa sababu ile VVT-i, mfumo wa kupanga muda wa valvu, inasukumwa na oili hiyohiyo, na oili nzito haiwahi kufika. Nilikaa hivyo miezi minane nikitafuta ugonjwa kwenye plagi, kwenye koili, kwenye pampu ya petroli. Hela imetoka. Siku niliporudi kwenye 5W-30, asubuhi yake kimya.

Niambieni na nyinyi: motoka gani, namba gani, nani alikushauri, na nini kilikupata. Wadogo zetu wananunua hizi motoka kila siku, wanaishia kwenye kamba.

Mutoto wa Katuba
Tak-tak-tak ya saa kumi na mbili asubuhi! Yaya, nilidhani ni yangu peke yake.

Mzee wa Ruashi
Mimi nimeweka 20W-50 tangu enzi za Peugeot 504, na moteri zangu zimezikwa na kutu, si na oili. Hizi oili nyepesi kama maji ya mchele ni za biashara. Joto la mwezi wa 10 hapa mnalijua. Weka nzito, mdogo yangu.

GT86 Nyekundu
Papa, shikamoo. Yangu kifuniko cha kumiminia oili kimeandikwa 0W-20. Niliponunua, watu wanne waliniambia itaua moteri. Nikaingiwa na hofu, nikaweka 10W-40. Sasa nimerudi 5W-30 maana 0W-20 siipati kila mara. Je, nimekosea?

Fundi wa Kampemba
Hujakosea sana. Toyota wenyewe wanakubali 5W-30 pale 0W-20 inapokosekana, ila vidanji inayofuata urudi kwenye ile yake.

Papa wa Ruashi, kwa heshima yote, niseme. Namba ya kwanza, yenye W, inasema oili inatembeaje ikiwa baridi. Ya pili inasema uzito wake ikishafika digrii 100. Kwa hiyo 5W-40 na 15W-40 zikishapata moto ni ndugu, tofauti yao ni asubuhi. Na oili yoyote ikiwa baridi ni nzito kuliko ikiwa ya moto: hata hiyo 0W-20 mnayoiita maji, asubuhi ni nzito kuliko 20W-50 iliyochemka. Joto la nje la Lubum haliamui peke yake. Mji uko kama mita 1,200 juu, si jangwani. Kinachoamua ni nafasi aliyeunda moteri aliyoacha kati ya chuma na chuma. Peugeot 504 aliacha nafasi yake, GT86 wakaacha nyingine.

Mzee wa Ruashi
Mimi sikusoma digrii. Nimesoma moteri. Zangu hazikufa.

Fundi wa Kampemba
Na mimi nazifungua kila siku, papa. Zinazokufa naziona ndani.

Mutoto wa Katuba
Wazee msigombane, tunajifunza kwa wote wawili.

Mwana wa Kamalondo
Nimekaa nikisoma nikasema sitaandika. Naandika.

Mwaka juzi, mwezi wa 8, dada yangu aliolewa. Yaya wetu, kaka yetu mkubwa, ana Subaru WRX STI nyeupe, ndiyo roho yake, akaniachia niibebe bibi arusi kwa sababu yeye alikuwa safarini Kolwezi na angefika moja kwa moja ukumbini. Ijumaa jioni nikaona niifanyie heshima: vidanji mpya kabla ya arusi. Sikuenda kwa fundi wake. Nilienda mahali pa karibu pa njiani, kijana mwenye haraka, magari matatu yanangoja. Oili nilinunua nzuri, 5W-40 sentetiki, bidoni (dumu lake) imefungwa. Filtri mpya. Dakika ishirini, kazi imekwisha, moteri inanguruma vizuri, nikamlipa nikampa na ya soda.

Jumamosi msafara ukatoka kanisani. Honi, vigelegele, watoto wanakimbia pembeni. Watu wakapiga kelele nivumishe, nikavumisha. Kwenye lami pana nikaikanyaga kidogo, gia ya pili mpaka juu, ya tatu. Dada yangu anacheka nyuma. Nikasikia harufu, ile ya kikaango kilichosahauliwa motoni. Nikadhani ni ya lori la mbele.

Halafu ile taa nyekundu ikawaka. Ile yenye alama ya kibuyu cha oili na tone. Bandugu, hapa ndipo ninapolala nikipaona. Niliiona. Nilijua ni nini. Nikajiambia ukumbi uko palepale, kilomita mbili haifiki, nikisimama hapa bibi arusi anashuka kwenye vumbi la kiangazi mbele ya familia ya bwana. Nikaendelea.

Sauti ilianza chini ya miguu yangu, mtu kama anapiga nyundo kwenye chuma cha reli, polepole kwanza, halafu kwa mwendo wa moteri. Dada akaniuliza "nini hicho?" Sikumjibu. Kwenye mzunguko wa barabara ikakaza, usukani ukawa mzito, ikasimama katikati. Nyuma yangu msafara mzima bado unapiga honi, wanadhani ni shangwe.

Nilifungua boneti, moshi. Chini oili imelowesha kila kitu mpaka gurudumu la nyuma. Shangazi akamshusha dada, gauni likagusa chini, ule ukingo mweupe ukanyonya oili nyeusi kiganja kizima. Alimalizia arusi yake kwenye Noah ya jirani.

Jumatatu fundi wa yaya alifungua filtri mbele yangu. Akanionyesha kwa kidole: mipira miwili. Mpira wa filtri ya zamani ulibaki umeng'ang'ania kwenye moteri, yule kijana akafunga mpya juu yake. Moteri ikiwa tulivu mipira inashikilia. Presha ikipanda, wa juu unateleza, oili inarushwa nje yote. Akateremsha karteri, lile bakuli la oili chini ya moteri. Ndani kulikuwa na unga unaong'aa. Akatoa kusineti, vile vibati vinavyokaa ndani ya bieli (mkono wa pistoni) na kukumbatia shafti. Vinatakiwa kuwa vya kijivu. Vilikuwa vyekundu. Nimezaliwa Lubumbashi, rangi ya shaba siwezi kuikosea.

GT86 Nyekundu
Mungu wangu. Na yaya wako alisema nini?

Mutoto wa Katuba
Gauni lilitoka doa?

WRX ya Golf
Pole sana, ndugu yangu. Mimi ni mama, naendesha WRX, na taarifa hii imenifanya nishuke parkingi nikaangalie chini ya motoka. Niongeze kitu kwa wenye Subaru: moteri yetu imelala, oili inakaa pembeni na inashuka taratibu. Ukipima mara tu baada ya kuzima, kijiti cha kupimia oili kinakudanganya. Mimi napima asubuhi kabla ya kuwasha, sehemu tambarare, mara mbili, napangusa kwa kitambaa cheupe niione na rangi. Kila Jumapili kabla ya misa. Na turbo ile inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika juu ya utando wa oili tu, hakuna kingine. Ukitoka mwendo mkali usizime hapohapo, iache ipumue dakika moja au mbili, oili isiungulie ndani.

Gia Sita
Hiyo ya kupumua ni ya turbo za zamani, siku hizi zinapozwa na maji. Zima ukalale.

WRX ya Golf
Yangu nayo inapozwa na maji, na bado naiacha. Dakika moja hainigharimu kitu.

Rotari Pekee
Niseme na mimi wa Mazda RX-8. Ile ni moteri ya rotari, lita 1.3, haina pistoni. Yenyewe inakunywa oili kwa kukusudia: kuna pampu ndogo inayochukua oili kidogo na kuirusha ndani ili zile sili za ncha zisikwaruze. Niliposhauriwa "inakula oili, imekufa, iuze", niliuziwa hofu. Haikuwa imekufa. Lakini mwenye motoka aliyenitangulia hakuwahi kuongeza, alingoja vidanji. Sasa kila nikijaza petroli napima, na lita moja iko nyuma ya kiti siku zote. Ukiwa mvivu wa kupima, rotari si yako.

M3 ya Likasi
E46, moteri ya S54. BMW waliagiza 10W-60. Naweka 10W-60. Papa wa Ruashi, hapa uko sahihi, kuna za spoti zinazotaka nzito! Na zile taa za njano kwenye saa ya mizunguko zinazimika moja moja oili inavyopata joto. Mpaka ziishe sikanyagi.

Mzee wa Ruashi
Nilisema mimi.

Fundi wa Kampemba
Papa, kwa ile M3. Kwa GT86 bado sivyo.

Dereva wa Kasumbalesa
Mimi ni wa malori, sina spoti, ila nabeba mizigo toka Tunduma na nimeona mengi. Mnabishana namba, je, kilichomo ndani ya bidoni mnakijua? Kuna watu wananunua bidoni tupu kwenye gereji, wanajaza oili iliyochujwa, wanafunga. Namba inasema 5W-40, ndani ni maji ya wafu. Angalia pete ya kifuniko imekatika au la. Angalia namba ya toleo kwenye bidoni, isiwe imefutwa au kukosekana. Kama bei ni nusu ya duka la jirani, kimbia. Na ukimaliza vidanji, bidoni yako itoboe kwa msumari palepale. Mimi natoboa mbele ya fundi. Wengine wananuna.

Altezza ya Bel-Air
Hii ya kutoboa naichukua leo. Na kwenye bidoni tafuteni herufi za API, alama ya daraja la oili: inayoanza na S ni ya petroli, C ni ya mazuti (dizeli). SP ilikuja mwaka 2020. Nimewahi kuuziwa ya lori kwa ajili ya Altezza, muuzaji ananiambia "oili ni oili".

Gia Sita
Mimi kabla ya kuweka mpya nasafisha na mazuti nusu lita, nawasha dakika tano, uchafu wote unatoka.

Fundi wa Kampemba
Acha. Acha kabisa. Mazuti hayashikilii chuma, dakika hizo tano kusineti zinakwaruzana zikiwa uchi. Na yanayobaki ndani yanapunguza uzito wa oili mpya uliyoilipia. Ukitaka kusafisha, weka oili nzuri, tembea kilomita 1,000 au 1,500, toa tena.

Gia Sita
Miaka sita nafanya.

Fundi wa Kampemba
Ilete Jumamosi tufungue kifuniko cha juu, tuone pamoja. Bure.

Mutoto wa Katuba
Swali dogo: uko njiani, oili imepungua, unapata ya kampuni nyingine. Unachanganya?

Gia Sita
Kamwe. Zinagandana.

WRX ya Golf
Unachanganya, tena haraka. Za petroli zenye API zinachanganyika, ukifika mjini unafanya vidanji. Oili ya mchanganyiko ina afadhali kuliko moteri kavu.

Rotari Pekee
Ila usijaze kupita alama ya juu. Ikizidi, shafti inaipiga, inakuwa povu, na povu halishikilii chuma.

M3 ya Likasi
Na filtri ya hewa jamani! Vumbi jekundu la mwezi wa 8 likipita, oili yako inakuwa msasa. Mimi kiangazi sifikishi kilomita 5,000 bila vidanji.

GT86 Nyekundu
Mwana wa Kamalondo, hujatujibu. Yaya alisema nini?

Mwana wa Kamalondo
Gauni doa halikutoka, mama alikata ule ukingo, amelihifadhi hivyo.

Yaya alifika ukumbini, akanikuta nje nimekaa kwenye ngazi na suti yangu imejaa oili. Alijua tayari. Hakupaza sauti. Alinunua kola mbili, moja akanipa, tukanywa. Halafu akaniuliza: "Jana baada ya vidanji, kabla hujaondoka, uliwasha ukainama kuangalia chini?" Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaingia ndani kucheza na dada.

Moteri ilichukua miezi mitano kupata nyingine. Siku iliporudi alinipa funguo, akasema niiwashe mimi. Niliiwasha, nikazima, nikalala chali kwenye saruji na tochi. Kavu. Nikapima kijiti. Ndipo akapanda.

Altezza ya Bel-Air
Nimeshuka sasa hivi na tochi yangu. Chini ya filtri kuna unyevu. Fundi wa Kampemba, Jumamosi niko wa pili kwenye foleni baada ya Gia Sita.